Baba, Dada na Mbio za Mwatate

Nyumbani kwetu ubishi ulikuwa ule ule mmoja, na ulianza kila mara ugali ukishapakuliwa. Baba alishikilia kwamba wakimbiaji wa zamani walikuwa na nguvu kuliko hawa wa siku hizi. Dada yangu alishikilia kwamba wa siku hizi wangewaacha wale wa zamani mpaka wasionane. Mama alikuwa akisema mboga inapoa.

Tuliishi Voi, katika landi za reli, zile nyumba za mawe zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya stesheni. Baba alikuja kutoka magharibi akiwa kijana, akaajiriwa kwenye gengi la kutengeneza njia ya reli, akaoa mwanamke wa Wusi, huko milimani. Yeye hakujua Kidawida cha mama na mama hakujua lugha yake, kwa hiyo sisi tulilelewa kwa Kiswahili, na hata magomvi yetu yalikuwa ya Kiswahili.

Katika ujana wa baba kulikuwa na mbio zilizokimbiwa kila mwaka kati ya wafanyakazi wa reli na wale wa mashamba ya mkonge. Walianzia stesheni ya Mwatate wakafuata kijia cha kando ya reli mpaka Voi. Walikimbia peku. Baba alizishinda mara moja, na mara hiyo moja ilimtosha maisha yote. Wazee wa rika lake walikuwa hawamwiti kwa jina lake, walimwita "Mwatate." Nilipokuwa mdogo nilidhani ndiyo maana ya neno lenyewe, kwamba Mwatate ni mtu mrefu mwembamba anayenuka grisi.

Dada alirithi miguu ile. Alianza kushinda shuleni, akachukuliwa na timu moja ya Nairobi, halafu akapatikana meneja wa Ulaya aliyemtafutia mbio za barabarani huko kwao. Katika ukoo wetu yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye kukimbia kulikuwa kazi yake, kama vile reli ilivyokuwa kazi ya baba. Baba alijivunia jambo hilo mbele ya watu. Ndani ya nyumba lilimkera, na sidhani alijua kwa nini.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi, nimekuja likizo. Dada naye alikuja nyumbani, akisema anataka utulivu kabla ya mbio kubwa huko Ulaya. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na meneja alikuwa amemwambia kwamba mbio hizo ndizo zitakazoamua kama utaandikwa mwingine. Siku za mazoezi makali alilala kwa nyanya yetu Wusi akipanda na kushuka vilima alfajiri. Siku nyingine alikuwa nasi Voi.

Jioni moja tulikuwa na mgeni mezani, ingawa yeye hatukumhesabu kama mgeni. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, mlinzi wa geti la reli pale barabara inapokata njia ya treni. Hakuwahi kuoa, na mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto tangu kabla sijazaliwa. Alikula kwetu mara nyingi. Katika ubishi wa mbio hakutia neno hata siku moja. Alitazama sahani yake tu.

Baba alikuwa ameanza wimbo wake: sisi tulikimbia peku, tulikula maharagwe, tulikimbia baada ya kutwa nzima ya kubeba mataruma ya reli. Dada kwa kawaida angecheka. Jioni ile hakucheka. Alisema amepiga hesabu. Amechukua mwendo aliokimbia mwaka uliopita katika mbio za umbali kama ule, akaulinganisha na muda ambao baba amekuwa akitutajia tangu tuzaliwe.

"Ningefika Voi kabla yako, baba," alisema. "Mimi mwanamke. Na si kwa kubahatisha."

Baba aliliweka tonge chini. Akaanza polepole, akasema hayo ni mambo ya viatu. Ni mambo ya lami, na ya madaktari wa kuwakanda misuli, na ya watu wa kusimama njiani wakiwashikia maji. Ondoa hivyo vyote, ubaki wewe na mguu wako, ndipo tutajua nani ni nani. Dada akajibu kwamba mguu ni mguu. Sauti zilianza kupanda. Mama akataka kuondoa sahani, na hapo ndipo baba alipotamka lile neno.

"Na hizo sindano zenu."

Dada alimwuliza anamaanisha nini. Baba alisema yeye hamaanishi kitu, ila watu mjini wanasema wakimbiaji wa kike wa siku hizi wanadungwa. Dada alisimama. Uso ulikuwa umemkauka, na nilijua kwamba akibaki hapo atalia, na kwamba angependelea kufa kuliko kulia mbele ya baba. Akasema Jumamosi atakimbia Mwatate. Peku. Maji atakunywa pale tu baba alipokunywa yeye, na baba aje na saa yake mwenyewe mkononi.

Kocha yeyote angemwambia huo ni wazimu. Lakini kocha wake alikuwa Nairobi, na meneja wake alikuwa ng'ambo. Mama alisema hakuna atakayekimbia popote. Yule rafiki wa baba aliinuka, akashukuru kwa chakula ambacho hakukimaliza, akatoka na mwendo wake wa kuchechemea. Tulimsikia mpaka alipofika kwenye kokoto za reli.

Habari ilienea katika landi kabla ya jua la siku ya pili kuwa kali. Sokoni wanawake waliniuliza niko upande gani. Vijana wa stesheni waliwekeana dau la soda. Baba alitembea na watu wakimwita "Mwatate" kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na nikaona kwamba hata kama angetaka kurudi nyuma, njia ilikuwa imeshafungwa nyuma yake. Yeye na dada walipishana mlangoni bila kusalimiana. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na ni kazi kubwa watu wawili kutosalimiana katika nyumba ya vyumba viwili.

Mimi ndiye niliyeanza kuona kitu kingine. Dada alipotoka mazoezini asubuhi, sehemu ya mwisho kutoka barabarani hadi nyumbani aliitembea, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akiketi, mkono wake wa kushoto ulishuka wenyewe ukaushika muundi. Usiku nilimsikia akijigeuza, na kila akijigeuza alivuta pumzi kupitia meno.

Alhamisi mchana mama alikuwa sokoni na baba kazini. Dada alifunga mlango wa chumba chetu, akafungua leso. Ndani kulikuwa na bomba la sindano na kichupa kidogo cha dawa. Alieleza haraka haraka, kama mtu aliyeyakariri maneno. Ni dawa ya kutia ganzi tu, haina nguvu yoyote ya kukimbiza mtu, alipewa na mtu wa kambi yao ya mazoezi. Alitaka nimchome pembeni mwa mfupa Jumamosi asubuhi. Akitia ganzi atamaliza. Akishamaliza atapumzika wiki nzima kabla ya kusafiri.

Nilimwambia anionyeshe mguu kwanza. Ulikuwa umevimba kidogo, kitu ambacho mtu asiyejua asingekiona. Nikaupapasa kwa kidole kutoka chini ya goti nikishuka taratibu. Hakusema kitu, hakusema kitu, halafu nilipofika mahali pamoja, padogo kama sarafu, mwili wote ulimshtuka akanishika mkono.

"Hapa ni mfupa, dada. Si msuli."

"Wewe bado mwanafunzi."

"Ndiyo. Lakini hapa ni mfupa. Nikikutia ganzi hutajua unapovunjika."

Alinibembeleza. Kisha akanikumbusha ni nani aliyenilipia kozi. Kisha akanitazama, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imetulia.

"Kumbe baba alisema kweli," alisema. "Sindano ndiyo hii."

Nilikichukua kile kichupa nikaenda kukitupa chooni, na bomba nikalivunja. Tangu utoto wetu sikuwahi kumkatalia dada kitu, na sikujua kama tukishatoka hapo tungeendelea kuwa ndugu. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nisimwambie mtu. Hilo nalo nilimkatalia. Mama aliporudi nilimweleza akiwa bado na kikapu kichwani.

Mama aliingia chumbani, akaupapasa ule mguu yeye mwenyewe, akatoka mpaka uani ambapo baba, aliyekuwa ameshatoka kazini, alikuwa anatia upepo baiskeli yake. Nilisimama dirishani. Mama alimweleza. Baba aliendelea kupiga pampu. Alipoinua kichwa aliuliza kama dada ndiye aliyemtuma.

"Hajanituma mtu," mama alisema. "Mimi naona watu wawili wanagombania mguu mmoja."

Baba alijibu kwamba yeye hana ugomvi. Kama binti yake anaumwa, na aje aseme mwenyewe, yaishe. Mama akalibeba neno hilo akalileta ndani. Dada alikuwa amelala kifudifudi. Akasema akimwambia baba kwamba anaumwa, baba atasema ametafuta njia ya kuzikwepa mbio. Mama alirudi uani, kisha akarudi ndani, kisha akaketi kizingitini katikati yao akaanza kuchambua mchicha, machozi yanamtoka.

Jumamosi tulifika Mwatate kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Tulikuwa na baiskeli mbili, ya baba na nyingine niliyoazima kwa jirani. Nilibeba chupa mbili za maji, bandeji, na viatu vya dada. Asubuhi ile nilikuwa nimekuta karatasi tupu za dawa za maumivu kwenye dirisha la chumba chetu. Alikuwa amemeza nyingi. Nilimwuliza ngapi, hakunijibu. Tangu Alhamisi hakuwa amenijibu lolote.

Watu wa gengi walikuwa pale stesheni, na baba aliwauliza kuhusu ndovu. Walisema kundi limekata reli usiku kuelekea upande wa mbuga, mavi yao bado yanafuka mvuke, lakini wenyewe wameshapita. Dada alivua viatu akanipa bila kunitazama. Nyayo zake zilikuwa laini na nyeupe, nyayo za mtu aliyevaa soksi miaka mingi. Baba aliziona pia. Nilidhani atasema neno. Alitazama saa yake, akainua mkono, akaushusha.

Sitasahau jinsi alivyokimbia ile sehemu ya kwanza. Nilikuwa nimemwona dada akishinda mbio za shule, lakini sikuwahi kumwona tangu kukimbia kulipokuwa kazi yake. Hakukuwa na nguvu iliyopotea bure mwilini mwake. Kichwa kilikuwa kimetulia kama cha mtu aliyekaa, na chini yake miguu ilizunguka bila sauti. Mashamba ya mkonge yalitupita, mistari iliyonyooka mpaka macho yanauma. Mimi juu ya baiskeli nilikuwa nahema kuliko yeye.

Baba aliendesha nyuma yake kidogo. Kulikuwa na alama alizozikumbuka njiani: daraja dogo, kalvati la kupitishia maji, nguzo ya maili iliyopinda. Katika kila alama alitazama saa. Pale kwenye daraja niliuona uso wake, na nikajua. Dada alikuwa mbele ya muda wake. Si kwa hatua chache. Alikuwa amemwacha yule kijana wa zamani huko nyuma kwenye mkonge. Baba alikaza macho kwenye mgongo wa mwanawe akaendelea kukanyaga pedali.

Jua lilipanda. Kijia kilitoka kwenye mchanga kikaingia kwenye kokoto za reli na miiba ya migunga, na huko nikaanza kuona damu, tone hapa, tone pale, juu ya mawe. Hiyo haikunitisha sana, kwa kuwa nilijua ni ngozi. Kilichonitisha kilikuja baadaye kidogo. Mguu wa kushoto ulianza kutua kwa ukingo wake wa nje. Kisha bega la kushoto likaanza kushuka kila alipotua.

"Wameanza kuchoka hao wa viatu," baba alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo, na hakulirudia.

Nilimwambia si uchovu. Nilimwambia mfupa unakwenda, baba, mfupa unakwenda. Alinitazama mara moja tu. Akakanyaga kwa nguvu akamfikia dada, akaenda sambamba naye, akamwambia imetosha. Dada hakugeuza kichwa. Baba akatangulia, akasimamisha baiskeli akaikingamisha njiani. Dada akapanda kwenye kokoto, akaizunguka, akashuka upande wa pili, na aliposhuka alitoa sauti niliyokuwa nimeisikia wodini tu.

Ndipo baba alipoitupa baiskeli akakimbia.

Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, amevaa buti za kazi na suruali ya kaki. Sikuwa nimewahi kumwona baba akikimbia. Alikimbia vibaya, mikono juu, buti zinagonga, lakini alimfikia, kwa sababu dada alikuwa hawezi tena kumwacha mtu. Niliiacha baiskeli yangu nikawafuata. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

Baba alizungumza akihema. Alimwita "mama," kama alivyomwita tangu azaliwe, kwa kuwa dada alibeba jina la marehemu mama yake baba.

"Mama, nisikilize. Wa kwanza mwaka ule hakuwa mimi. Alikuwa yeye wa getini. Alituacha wote."

Dada aliendelea.

"Alikuwa anaumwa mguu wiki nyingi. Tulimcheka. Mimi ndiye niliyemcheka zaidi. Alianguka mbele yangu, karibu na hapa, na mfupa ukatoka nje. Akaniita. Nikampita."

Dada alipiga hatua nyingine, na nyingine, fupi fupi, kama mtu anayekanyaga makaa.

"Nikampita, mama. Sikusimama."

Dada alisimama. Alisimama kwa mguu mmoja, ule wa kushoto ameuinua kama kuku, na baba akamshika kwapani kabla hajaanguka. Walikaa chini juu ya reli. Kisha baba akasema saa imeshaamua tangu kule darajani, kwamba dada alikuwa mbele yake, mbele kabisa, na kwamba hata bila viatu ni hivyo hivyo.

"Na sindano?" dada aliuliza.

"Nilisema neno baya."

Dada alikubali kwa kichwa. Halafu akalia, na hakujificha. Mimi nilipiga magoti nikaanza kumfunga ule mguu kwa bandeji na kipande cha fimbo, na nilipoinua macho aliweka kiganja chake kichwani kwangu akakiacha hapo mpaka nilipomaliza.

Tulimpandisha kwenye keria ya baiskeli ya baba. Baba alisukuma, mimi nikamshikilia dada mgongoni, baiskeli ya jirani tukaiacha kichakani. Hatukuzungumza tena habari za zamani. Tulikuwa na hofu ya ndovu, kwani tulisikia matawi yakivunjika upande wa kusini, na baiskeli yenye mtu juu haikimbii kwenye kokoto. Tulisukuma bila kugeuka mpaka tulipoikuta barabara, na huko lori la mchanga likatuchukua.

Stesheni ya Voi watu walikuwa wamekusanyika, hata wanawake wa sokoni wenye watoto migongoni. Waliposikia tunapelekwa hospitali wakatufuata mpaka kwenye geti la hospitali. Mtu mmoja akamwuliza baba nani ameshinda. Baba alisema, "Huyu." Wengine hawakuamini, wakasema mtu anashindaje akiletwa na lori, na ubishi huo ulidumu mjini kwa miezi, na soda za dau hazikulipwa.

Eksirei ilionyesha ufa. Ulikuwa umekata zaidi ya nusu ya mfupa. Daktari aliinua picha kwenye mwanga akamwuliza dada kama alianguka kutoka mahali, na dada akasema hapana, alikuwa kazini. Alifungwa plasta kutoka gotini hadi vidoleni. Hakusafiri.

Wiki ile ile alikwenda posta kwa magongo kumpigia meneja simu. Nilimsindikiza nikasimama nje ya kibanda. Hakuongea kwa muda mrefu. Alitoka akasema meneja amesikitika sana, amemwombea nafuu, na nafasi yake imeshapewa msichana mwingine wa kambi ile ile. Niliuliza kuhusu mkataba. Akainua mabega juu ya magongo.

Jioni hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyelizungumza mezani, kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza kazi ya mtu mwingine. Alimwuliza baba enzi zao wakimbiaji walikuwa wangapi. Baba akafikiri. Akasema walikuwa wachache, wale tu ambao nyapara aliwapa ruhusa ya siku moja, wengine wengi wenye mbio hawakutoka shambani wala kwenye gengi, hawakujulikana.

"Sisi tuko kama mkonge," dada alisema. "Mstari mmoja ukikatwa, mwingine umeshaiva. Ndiyo sababu tunakwenda kasi, baba. Hatukuumbwa tofauti na nyinyi."

Baba hakuleta ubishi. Alisema labda. Akamwongezea mboga.

Kuhusu mlinzi wa geti, najua tu kwamba baba alikwenda kwake Jumapili baada ya kanisa, akarudi jua likiwa limeshazama. Hakutueleza. Kwa wiki kadhaa rafiki yule hakuja kula, na mama alikuwa anamtumia chakula kwenye bakuli. Baadaye akaanza kuja tena. Siku moja nilipita getini nikamkuta amekaa peke yake akisubiri treni ya mizigo, nikapata ujasiri wa kumwuliza kama ni kweli. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba aliwahi kuwa kijana wa kujivuna.

"Baba yako alikuwa na mbio," alisema. "Mimi nilikuwa na zaidi."

Mfupa wa dada uliunga, lakini ulichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Alirudi kukimbia mwaka uliofuata. Kasi ile haikurudi yote. Alipata mbio ndogo ndogo, mara Mombasa, mara Uganda, mara moja tena Ulaya, na alipoona inatosha akaacha, akapata kazi ya kufundisha michezo katika shule moja upande wa Ronge. Hakuwahi kuniambia asante kwa kile kichupa, wala hakuwahi kunilaumu. Lakini wasichana wake wa shule wakiumwa aliwaleta kwangu, hospitalini nilikokuwa nimeajiriwa, hata kwa maumivu madogo, na alisimama kando ya kitanda mpaka niseme.

Mwishoni mwa miaka ya tisini hoteli moja ya mjini ilinunua televisheni kubwa, na watu walikuwa wakijaa kutazama mashindano ya dunia. Tulikwenda sote, baba akiwa ameshastaafu. Zilikuwa mbio za wanawake. Walipobaki na mizunguko michache msichana mmoja mwembamba alijichomoa, akawaacha wenzake kwa mwendo ambao hoteli nzima ilisimama kuushangilia. Mzee mmoja wa reli alimpiga baba begani akamwuliza, je, Mwatate, enzi zenu mngemshika huyu?

Baba alikuwa amemwinamia dada, kidole chake kimeelekea kwenye kioo.

"Mtazame mguu wa kushoto," alimwambia. "Unatua sawa huo?"

Dada alisogeza kiti mbele akatazama.